Kijerumani cha Mgonjwa, Ukurasa wa Kwanza

Alhamisi, Nyakabiga. Mvua tangu alfajiri, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani kabisa.

Nimekaa mlangoni na cherehani yangu, sijashona kitu. Juzi nilitoka eda. Miezi minne na siku kumi imekwisha, na watu wananiambia sasa naweza kwenda popote ninapotaka.

Nimekwenda mpaka mlangoni.

Kwa wanaofika hapa mara ya kwanza: ukurasa huu alinifungulia binti yangu Amina mwaka jana, baba yake alipopelekwa Ujerumani kufanyiwa operesheni ya tumbo. Simu ilikuwa inakatika kila mara, basi Amina akasema, mama andika, baba atasoma akiamka. Nikawa naandika mambo ya nyumbani. Kwamba kuku ametaga chini ya cherehani. Kwamba bomba limepasuka kwa jirani na mtaa mzima umetoka na ndoo, umefurahi kama siku ya Idi. Msomaji wangu alikuwa mmoja tu. Alifariki mwezi wa kumi na moja, kule kule, na walimzika Waislamu wa mji ule, watu tusiowajua, Mungu awalipe.

Bado naandika. Leo nataka kuandika jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata Amina.

Asubuhi, mvua ilipopungua kidogo, Zaina alikuja kuomba kaye la Kijerumani.

Zaina ni jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja. Nyonga yake imeharibika, akitembea utadhani anavuka mtaro kila hatua. Mwanawe anafanya kazi Ujerumani na amemtafutia hospitali huko, ataondoka wiki ijayo. Na kaye analijua, kama mtaa wote unavyolijua, kwa sababu tulijifunza kwa sauti. Ni daftari la shule, jalada la kijani, lenye mistari ya miraba.

"Mama Amina, lile kaye ya marehemu, unaweza kunipa hata siku mbili?"

Nikamwambia sijui liko wapi.

Lilikuwa juu ya meza ya cherehani, chini ya kitambaa nilichokuwa nimekishika mkononi. Zaina aliona pembe ya kijani. Aliniuliza kama nimekula, akarudi kwake polepole, mkono ukutani.

Ngoja nieleze kaye lilivyoanza.

Mume wangu, Baba Amina, alikuwa fundi wa magari. Zamani alifanya kazi na mhandisi mmoja Mjerumani aliyekuwa anachimba visima vya maji huku kwetu, anaitwa Dieter, sisi tunasema Dita. Dita alizeeka akarudi kwao, lakini hawakuachana. Alipopata habari ya ugonjwa ndiye aliyehangaika mpaka hospitali ikapatikana. Viza ikatoka ya mtu mmoja.

Ya mtu mmoja. Hapo ndipo nilipoogopa, kuliko operesheni yenyewe.

Kwetu mgonjwa halali hospitali peke yake. Anakuwa na mrwaza, mtu wa nyumbani anayetandika mkeka chini ya kitanda, anayeleta uji, anayefua. Lakini kazi kubwa ya mrwaza ni kusema. Daktari akipita asubuhi akauliza habari, mgonjwa anajibu nzuri, kwa sababu ndivyo mtu mwenye adabu anavyojibu. Halafu mrwaza anasema kutoka nyuma: daktari, usimsikilize huyu, hakulala, ametapika mara mbili. Mgonjwa anabaki na heshima yake na daktari anapata ukweli. Mimi nilikuwa mrwaza wa Baba Amina mara mbili, mara ya malaria kali, na mara jeki ilipoteleza gari likamkalia mguu. Mguu umevimba kama tikiti, na yeye anamwambia daktari, "Mi sijambo, dokta, na weye?"

Nikaona basi nitamtengenezea mrwaza wa karatasi.

Dita alituma maneno kwa simu, na sauti yake akiyatamka taratibu kama anayelisha mtoto. Amina aliandika kwa penseli jinsi yanavyosikika. Mimi niliyanakili kwa wino. Shule yangu ilikuwa ndogo lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu, na nilinyoosha kila mstari kwa rula. Nikashona pajama mbili, kila moja na mfuko kifuani uliopimwa kwa kaye hilo, liingie wima na litoke bila kushika.

Kupanga kurasa nilipanga mwenyewe. Hakuna aliyenisaidia, na siwezi kumtupia mtu lawama.

Nilipanga kama tunavyoingia nyumbani kwa watu. Ukurasa wa kwanza, salamu. Guten Morgen. Wie geht es Ihnen? Maana yake u hali gani. Jibu: Gut, danke. Nzuri, asante. Ukurasa wa pili, asante za kila namna, na samahani kwa usumbufu. Wa tatu, chakula: nina kiu, Ich habe Durst, na tafadhali nisipewe nguruwe. Halafu sielewi, Ich verstehe nicht. Halafu choo kiko wapi. Halafu majina ya nguo, sijui kwa nini niliweka majina ya nguo, nadhani ni kwa sababu mimi ni fundi cherehani. Na mwisho kabisa, ukurasa wa tisa, Ich habe Schmerzen. Nina maumivu. Na chini yake, Hier tut es weh. Hapa panauma.

Tulikuwa tunasoma akitoka gereji, kabla ya magharibi, yeye amekaa kwenye kizingiti hiki hiki anasugua grisi ya kucha kwa sabuni na mchanga. Siku ya kwanza tulipofika ukurasa wa tisa nilimsomea.

"Ich habe Schmerzen."

"Maana yake?"

"Nina maumivu."

"Ruka hiyo."

"Niruke kwa nini?"

"Mi nifike kwa watu, wamenipa kitanda, wamenipa chakula, halafu nianze kulia-lia mbele ya wanawake ya watu? Apana. Ruka, Mama Amina. Nipe ile ya nguruwe."

Ya nguruwe aliipenda. Bitte kein Schweinefleisch. Aliisema akitandika, aliisema akifunga buti ya gari la mteja, aliisema mpaka Zaina akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta: "We Baba Amina! Mtaa yote tumesikia! Nyakabiga hii hakuna mutu atakuletea nguruwe, pumzika!" Naye akamjibu, "Danke, Zaina, danke schön!" Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Basi tukaruka ukurasa wa tisa. Siku hiyo na siku zote zilizofuata.

Na niseme ukweli wote, maana nimeanza. Hata mimi niliona haya. Sikutaka wale wauguzi waone kwamba nimewapelekea mwanaume wa kulalamika. Nilitaka waseme, huyu ametoka kwa watu.

Siku ya pili baada ya operesheni alinipigia kwa video. Simu aliiegemeza kwenye glasi ya maji, namwona na pajama yangu ya mistari ya bluu, pembe ya kijani inachungulia mfukoni. Mlango ukafunguka, muuguzi akaingia. Nilimsikia: Guten Morgen, wie geht es Ihnen? Na mume wangu akajibu bila kuangalia kaye, sauti nzuri kabisa: Gut, danke. Yule dada akacheka kwa furaha, akasema maneno mengi, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akatoka.

Nilipiga makofi. Hapa Nyakabiga, peke yangu, nilipiga makofi. Nikamwambia, umewaweza, Baba Amina.

Midomo yake ilikuwa imekauka. Paji la uso linang'aa kwa jasho. Niliona. Nilikaa nyuma ya mgongo wa mtu huyu miaka ishirini na sita nikisema, daktari usimsikilize, na siku ile niliona kwa macho yangu na hakukuwa na daktari wa kumwambia.

Kwetu salamu ina sehemu mbili. Mtu anakuuliza habari, unasema nzuri, halafu mnakaa kidogo, ndipo unasema, ila usiku huu sikulala. Kule wanauliza wakisimama, na jibu la kwanza ndilo jibu. Baba Amina alikuwa anasubiri sehemu ya pili ya salamu. Haikuja, dada alikuwa ameshatoka.

Siku ya tatu aliniambia habari ya namba.

"Wananiuliza namba kila asubuhi, kama mwalimu. Null mpaka zehn. Sifuri maana yake hauumwi, kumi maana yake unakufa."

"Na weye unawapa ngapi?"

"Zwei."

"Mbili tu?"

"Nikisema kumi, yule dada ataona namlaumu. Kazi yake anafanya vizuri, Mama Amina. Kumi ni kumuaibisha mutu."

Kitandani, akanionyesha, kulikuwa na kengele nyeupe ya kuita muuguzi, ina waya. Hajaigusa. Akaniuliza, mimi ni mwalimu mkuu, nipigie watu wazima kengele?

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na jioni nikampelekea Amina hadithi ile kama kichekesho. Niliiandika hata hapa, ukurasa huu. Bado ipo. Nimeshindwa kuifuta.

Siku ya tano simu iliita haikushikwa. Halafu akapiga Dita.

Kidonda cha ndani kilikuwa kimeachia, uchafu ukaingia tumboni. Walimrudisha chumba cha operesheni mbio. Hakuamka. Dita alikuwa analia, mzee yule, na katika kunifariji akaniambia kwamba wauguzi wote walimpenda. Kwamba homa waliiona na walikuwa wanatafuta inatoka wapi, lakini kila asubuhi walimuuliza na kila asubuhi alisema vizuri, asante, mbili. Akasema, alikuwa muungwana sana.

Sisemi hospitali ilikosea. Walimuuliza. Aliwajibu kwa maneno niliyomfundisha mimi.

Daktari alisema ingeweza kutokea hata hivyo, Amina ananikumbusha hilo kila nikinyamaza. Pengine. Hakuna atakayenijulisha.

Lakini Amina hajui habari ya kona.

Begi la Baba Amina lililetwa na mtu wa Dita nikiwa katika eda. Nilifua kila kitu isipokuwa pajama moja. Kaye lilikuwa mfukoni. Nililifungua nikaona ukurasa wa kwanza na wa pili zimechakaa, zina alama za vidole na tone la chai. Za katikati kidogo. Nikafika wa tisa. Ukurasa ni mweupe, kama siku niliyoupigia rula. Ila kona ya juu imekunjwa.

Baba Amina hakukunja kurasa ovyo. Alikuwa na vitabu vya magari, vya Kifaransa, vimeoza kwa mafuta, na alikuwa anakunja kona mahali pamoja tu: pale alipokwama, ili kesho aanzie hapo.

Kwa hiyo alilitafuta neno. Siku ya nne au ya tano, sijui. Alifungua salamu, akapita asante, akapita nguruwe, akapita choo, akapita soksi na shati, mtu ana moto tumboni anapekua soksi na shati, mpaka akafika mwisho ambako mimi nilikuwa nimelificha. Akakunja kona. Kama alilisema, kama alikuwa analiweka tayari kwa dada wa asubuhi, sitajua.

Hilo ndilo nililokuwa nalo chini ya kitambaa Zaina alipokuja.

Baada ya adhuhuri nilitoka. Mara ya kwanza tangu eda niliacha kizingiti, nikaenda dukani pale kona, hatua kama arobaini, watu wakiniamkia na mimi nikiitikia salama, salama. Nilinunua kaye jipya. La kijani halikuwepo, nikachukua la bluu. Nikarudi nikakaa kwenye cherehani, nikachukua rula.

Sikunakili kama lilivyo.

Ukurasa wa kwanza niliandika kwa herufi kubwa, za kuonekana bila miwani: ICH HABE SCHMERZEN. Ih habe shmertsen. Nina maumivu. Chini yake, hapa panauma. Chini yake, Ich brauche Hilfe, nahitaji msaada. Halafu namba, null mpaka zehn, zote kumi na moja, na mbele ya acht, neun, zehn, yaani nane, tisa na kumi, nikaandika: hizi ni zako pia. Halafu nikachora kengele na waya wake. Salamu nimeziweka ukurasa wa nne. Majina ya nguo nimeyaacha.

Nikamwita Zaina kupitia ukutani. Alikuja na kanga kichwani kwa ajili ya mvua, akakaa kwenye kizingiti, mahali pake yeye marehemu, sikumwambia asikae.

Nikasimama mbele yake nikajifanya muuguzi. "Guten Morgen, Zaina. Wie geht es Ihnen?"

"Gut, danke!" Akajibu kwa fahari. Alikuwa amelikariri kupitia ukuta.

"Apana."

"Apana nini? Si ndivyo Baba Amina alikuwa anasema?"

Ndipo nilipomwambia. Nilimweleza yote, kengele, namba, midomo iliyokauka, nikamletea kaye la kijani nikamfungulia ukurasa wa tisa nikamwonyesha kona. Sauti yangu haikukatika, ajabu. Zaina aliishika kona kwa ncha ya kidole, hakuikunjua. Mvua ikaanza tena.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "mi nikifika tu, kabla hata ya kuvua viatu, nianze kulia?"

"Uanze kulia."

"Watasema huyu mama amelelewa na mbuzi."

"Waseme. Wie geht es Ihnen?"

Akavuta pumzi. "Ih habe shmertsen."

"Wapi?"

"Wapi, wapi, we hujui ni nyonga? Unaisikia kupitia ukuta kila nikigeuka!"

"Mimi najua. Yule dada hajui. Mwonyeshe."

Akaonyesha. Tulirudia hivyo labda mara ishirini. Kwa kengele nilimpa kikombe cha bati na kijiko. Akakigonga mara moja, kwa aibu, kama anayebisha kwa mkwe. Nikamwambia kwa sauti hiyo hata kuku haamki. Akagonga tena. Mara ya tano aligonga kwa nguvu mpaka mtu anayepita njiani na mwamvuli akauliza kama kuna sherehe, na Zaina akamjibu kwa ukali kabisa, "Ih habe shmertsen!" Yule mtu akaharakisha mwendo.

Nilicheka. Sikutegemea. Kilitoka kicheko kile cha siku ya nguruwe, na katikati kikageuka kitu kingine, nikageuza uso nikaanza kuvuta uzi kwenye cherehani kama mtu mwenye kazi.

Nyuma yangu Zaina akauliza, "Na weye, Mama Amina? Null mpaka zehn?"

Nikasema, "Zwei."

Nilisikia karatasi. Alikuwa amefungua kaye la bluu, na nilipogeuka alikuwa amelielekeza kwangu, ukurasa wa kwanza, kidole chake kiko kwenye namba, chini kabisa, pale nilipoandika kwa mkono wangu: hizi ni zako pia.

Miezi minne na siku kumi watu wamepita mlango huu wakiuliza habari. Wote niliwaambia nzuri, alhamdulillahi. Wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna mrwaza nyuma yangu.

"Neun," nikasema.

Zaina akalifunga kaye akaliweka kifuani chini ya kanga lisilowe. Akasogea kidogo kwenye kizingiti, kwa shida, ile nyonga, akanipa nafasi. Tulikaa hapo mpaka mvua ilipokatika. Nililia mbele ya barabara, na watu waliona.

Kaye la kijani limerudi mfukoni mwa pajama ambayo sikuifua. Kona sijaikunjua. Amina akija Jumapili nitamwonyesha.

Zaina yupo mpaka wiki ijayo. Amesema kesho asubuhi atagonga kikombe ukutani aniulize tena.

Sitasema mbili.